Sura ya Nne: Pembe, Bibi na Pipi

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu ndogo ya shaba iitwayo pesa. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Upande mmoja wa sarafu ulikuwa na ndege tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili haukuwa na neno lolote la Kizungu: ni hati za Kiarabu tupu, zikilitaja shirika la Wajerumani, pamoja na mwaka wa Hijria, 1307. Mwaka 1904 Wajerumani hao hao wakaanza kutoa sarafu nyingine, heller, mia moja kwa rupia. Hiyo ukiigeuza huku na huku huoni alifu wala be.

Miaka kumi na minne tu imepita kati ya sarafu hizo mbili, na ndani ya miaka hiyo Kiswahili kilibadilishiwa herufi. Hapakuwa na tangazo kubwa kama lile la Uturuki mwaka 1928, serikali ilipopiga marufuku hati za Kiarabu na kuleta za Kirumi kwa sheria. Huku Mrima, pwani ya bara mkabala na Unguja, hapakusomwa sheria sokoni. Mambo yalikwenda kimyakimya, ofisi kwa ofisi, hadi mtu aliyejua kusoma akaamka na kukuta yeye ndiye asiyejua.

Bagamoyo ndiyo iliyokuwa kitovu cha utawala wa Wajerumani mpaka 1891, makao yalipohamishiwa Dar es Salaam. Kampuni haikutia hati za Kiarabu kwenye pesa kwa mapenzi. Ilitaka sarafu ikubaliwe na watu, na mtu wa Mrima aliyejua kusoma wakati ule alisoma hati hizo, au kama alikuwa mwenye duka wa Kihindi, alisoma za kwao. Herufi za Kirumi zilikuwa za wamisionari na mabaharia.

Hati za Kiarabu zilikuwa na umri mkubwa katika mwambao huu. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia. Lakini hayo ni Kiarabu kwa lugha na kwa herufi. Lini mtu wa kwanza alizichukua herufi zile akaandika Kiswahili, hilo halina tarehe. Tunazo barua kutoka Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, ambazo Wareno walizihifadhi Goa, na tunao Utendi wa Tambuka wa Mwengo, wenye mwaka 1728. Mkono ulioandika vitu hivyo si mkono wa mwanafunzi. Ni wazi kazi ilikuwa imeanza zamani.

Njia ya kuzipata herufi ilikuwa chuo, na hapa sisemi chuo kikuu. Mtoto wa Bagamoyo au wa Saadani alikaa kwenye jamvi mbele ya mwalimu, akapewa ubao na kalamu ya mwanzi, akaanza alifu, be, te. Zikafuata irabu: fataha, kasra, dhuma. Baadaye kuunganisha, kisha Juzuu Amma, na mwenye bahati akahitimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtoto wa Bagamoyo ambaye tutakutana naye tena mbele, ameyaeleza maisha hayo ya chuoni katika kitabu chake cha desturi za Waswahili. Wengi walimaliza msahafu bila kujua Kiarabu cha kuombea maji. Walichotoka nacho ni ufundi wa kusoma sauti.

Ufundi huo ulikuwa na thamani kuliko tunavyodhani leo. Mfano mkubwa wa Bagamoyo ni Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya. Aliletwa Pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, akawa mtumwa wa Amir bin Sulaiman al-Lamki, liwali wa mji. Alisoma. Akaendelea kusoma. Mwishowe akawa kiongozi wa twarika ya Kadiria, mwenye chuo chake na murid wake, na watoto wa waungwana wakaja kukaa jamvini pake. Waingereza walipoingia mwaka 1916 yeye mwenyewe akawa liwali. Alifariki 1931.

Aliyezipata herufi chuoni hakuziacha huko. Alipoajiriwa na tajiri, aliandika hesabu za misafara, hati za madeni, wosia, na barua za kwenda Tabora na Ujiji kuuliza bei ya pembe. Barua ilifunguliwa kwa Kiarabu cha heshima, salamu na majina marefu, kisha ikaingia kwenye Kiswahili pale ambapo maneno yalianza kuwa na fedha ndani yake. Wajerumani waliziona barua hizo mapema, wakaelewa kwamba bila kuzisoma hawatatawala. Ndiyo maana C. G. Büttner, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha mwaka 1892 kitabu kizima cha maandiko ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ili maofisa watarajiwa wajizoeze kuyafumbua.

Kuyafumbua kulikuwa na kazi yake. Kiarabu kina herufi 28, na kati ya hizo hamna p, v, ch, ny, ng' wala g kama ya gari. Alama zake za irabu ni tatu, sisi tuna irabu tano. Mwandishi wa Mrima alitumia kilicho karibu. Sauti p akaiandika kwa be. Sauti v akaiandika kwa fe, ch kwa shini au jimu, g kwa ghaini au kafu. E ikakaa na i chini ya kasra, o ikakaa na u katika dhuma. Na ile m au n inayotangulia konsonanti nyingine, katika mb, nd, nj na ng, mara nyingi iliachwa tu, msomaji ajazie mwenyewe.

Sasa andika be yenye kasra, halafu be nyingine yenye kasra. Umeandika bibi. Umeandika pia pipi. Na kwa kuwa e haina alama yake, na m haikuandikwa, umeandika pembe. Tajiri aliyepata barua kwamba frasila kumi za kitu hicho zimeondoka Tabora hakupata taabu, maana hakuna apimaye mabibi kwa frasila. Lakini mgeni aliyekaa Berlin na kamusi mkononi alitoka jasho.

Hapa ndipo wengi wanapofunga mjadala: herufi hazikufaa, zikaondoka, zikaja zinazofaa. Mimi sikubali, na sababu ya kutokubali kwangu nimeipata mbali, Bangkok.

Lugha ya Kithai ina toni tano. Silabi ile ile ikipandishwa au kushushwa sauti inakuwa neno jingine kabisa. Watai walipoanza kuandika hawakuwa na herufi zao. Waliziazima kwa Wakhmer, majirani wa Angkor, ambao nao walikuwa wamezipata kutoka kusini mwa India, kwenye hati za Pallava, na hizo zikatokana na Brahmi, hati ya maandiko ya mfalme Ashoka wa karne ya tatu kabla ya Kristo. Kikhmer hakina toni. Sanskriti na Kipali, lugha za dini zilizokuja na herufi hizo, hazina toni vilevile. Hivyo Mthai alikuwa na shida kubwa kuliko ya mtu wa Mrima: aliazima herufi ambazo hazikuwahi hata kufikiria sauti za lugha yake.

Alifanyaje? Jiwe mashuhuri la mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, lenye mwaka 1292, linasema mfalme alizipanga herufi za Kithai mwaka 1283. (Jiwe hilo liligunduliwa mwaka 1833 na mwanamfalme Mongkut, aliyekuwa mtawa wakati ule, na tangu miaka ya 1980 wapo wasomi wanaodai ni la kughushi. Wengi hawajakubaliana nao.) Jiwe hilo lina alama za toni. Lina pia jambo ambalo halikudumu: irabu zote zimepangwa katika mstari mmoja na konsonanti, kama tufanyavyo sisi sasa. Waandishi waliofuata waliukataa mpango huo, wakarudisha irabu juu, chini, kushoto na kulia kwa konsonanti. Hata mfalme ana mipaka mbele ya mazoea ya makarani.

Hati ya Kithai ya leo ina konsonanti 44 kwa sauti ambazo hazizidi sana ishirini. Sauti th peke yake ina herufi sita. Kwa nini? Kwa sababu Sanskriti na Kipali zilikuwa na sauti tofauti ambazo Mthai hazitamki, lakini akaona ni utovu wa adabu kuzifuta katika maneno ya dini na ya ikulu. Konsonanti zimegawanywa katika tabaka tatu, za juu, za kati na za chini, na toni ya silabi hujulikana kwa kuangalia tabaka la konsonanti, urefu wa irabu, mwisho wa silabi, na alama ya toni kama ipo. Alama za toni ni nne, toni ni tano. Maneno hayaachiwi nafasi kati yake. Sentensi yote hushikana. Zipo hata herufi zinazoandikwa kisha zikawekewa alama ndogo juu ya kuzinyamazisha, zibaki pale kuonyesha ukoo wa neno bila kutamkwa. Neno lao la mwezi, lililotoka katika chandra ya Kisanskriti, huandikwa na r ya mwisho iliyofungwa mdomo namna hiyo, na hutamkwa chan.

Ukiniuliza, hiyo si hati nyepesi. Mtoto wa Kithai hutumia miaka kuizoea. Na bado ipo kwenye noti za benki, simu na mabango ya barabarani. Kwa hiyo ugumu peke yake hauui herufi.

Tabia hii ya kuhifadhi ukoo wa neno sisi pia tulikuwa nayo. Mwandishi msomi wa Mrima aliandika habari kwa khe na haki kwa he kubwa, akaandika sabuni kwa swadi na sababu kwa sini, kwa kuwa ndivyo yalivyo Kiarabuni, hata kama mdomo wake uliziunganisha zote. Tulipohamia herufi za Kirumi tofauti hizo nyingi zilifutwa, zikabaki th, dh, gh na kh chache. Labda ni nafuu kwa mwanafunzi. Lakini tusijidanganye kwamba herufi za Kirumi zilitupatia kila kitu. Wazee wa Mombasa na Lamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka na p ya huyo mnyama. Maandishi sanifu hayana habari. Na ng' yetu inategemea kijialama ambacho nusu ya watu hawakitii wanapoandikiana kwenye simu.

Ndugu wa damu wa hati za Kithai walikuwapo Bagamoyo, tena katikati ya mji. Maduka ya Mtaa wa India yaliandika madaftari kwa Kigujarati, na hati ya Kigujarati nayo ni mjukuu wa Brahmi, kwa njia ya kaskazini mwa India badala ya kusini. Tabia za ukoo zinaonekana. Konsonanti hubeba irabu a ndani yake bila kuandikwa, na irabu nyingine huzungushwa kuizunguka. Katika Kigujarati, i fupi hukaa kushoto kwa konsonanti ingawa hutamkwa baada yake, na katika Kithai e hufanya vivyo hivyo. Maismailia wa Khoja walikuwa pia na hati yao nyingine ya jamii hiyo hiyo, Khojki, waliyoandikia ginani zao za dini. Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851 na kuwa tajiri aliyewapatia Wazungu wapagazi na bidhaa za safari, alikuwa Mwismailia. Jina lake liko hadi leo kwenye jengo la Sewahaji, Muhimbili. Alitoa pia nyumba Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila kabila na rangi wapokelewe.

Basi katika mji mmoja mdogo, miaka ya 1880, karani wa Kiswahili aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, mwenye duka akaandika kutoka kushoto kwenda kulia, na padri wa Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyofunguliwa 1868, akaandika kwa herufi za Kirumi. Wote watatu walijua thamani ya frasila ya pembe. Padri mmojawapo, Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, aliyasikiliza maneno ya watu wa pwani kwa makini kuliko mgeni yeyote wa zama zake, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, ni hazina ambayo wasomi wetu wengi hawaifungui kwa kuwa hawajui Kifaransa.

Turudi kwenye kasoro za hati. Zilikuwa zikirekebishika, na waliozirekebisha walikuwapo. Upande wa pili wa Bahari ya Hindi Wamalayu walizichukua herufi hizi hizi za Kiarabu, wakazitia nukta tatu hapa na pale, wakapata p, ch, ny na ng. Hati hiyo huitwa Jawi, na jiwe la Terengganu la mwanzoni mwa karne ya 14 linaonyesha ilivyo kongwe. Waislamu wa Patani, kusini mwa Thailand yenyewe, wanaiandika mpaka leo chini ya pua ya hati ya Kithai. Waajemi walikuwa wamefanya hivyo kabla yao. Hakuna sheikh aliyesema ni haramu.

Mombasa alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890. Yeye na mmisionari W. E. Taylor ndio waliotuokolea mashairi ya Muyaka bin Haji, na katika kuyanakili Mwalimu Sikujua alitia nukta na alama juu ya herufi ili kutenga sauti za Kimvita ambazo Kiarabu hakina. Baada yake Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, kwenye gazeti lake la Sahifa la mwaka 1930, aliandika Kiswahili cha hati za Kiarabu zilizoongezewa herufi zilizokosekana. Ukisoma mikono ya watu hao wawili, pembe ni pembe na bibi ni bibi. Mambo yameisha.

Hayakuisha kwa sababu kila mwalimu aliyarekebisha kivyake. Mmoja aliiandika ch kwa shini yenye alama, mwingine kwa jimu ya nukta tatu, wa tatu akaendelea na mazoea ya babu yake. Wa kuwakalisha pamoja hakuwapo. Na mtu anayedhani kwamba hilo ni jambo dogo aangalie mitambo ya kuchapia.

Bangkok, mmisionari Mmarekani Dan Beach Bradley alileta uchapaji wa Kithai, na mwaka 1839 ikulu ikawachapishia watu amri ya kupiga marufuku kasumba, nakala 9,000, kwa herufi za Kithai. Mongkut akaanzisha mtambo wake mwenyewe ndani ya hekalu. Akathubutu hata kubuni herufi mpya, Ariyaka, za kuchapia Kipali kwa mfano wa zile za Kirumi, ambazo watu walizipuuza zikafa. Mwaka 1892 Edwin McFarland akatengeneza taipureta ya Kithai. Vibonye havikutosha. Akaziacha herufi mbili, kho khuat na kho khon, na leo herufi hizo zinatajwa shuleni katika kuhesabu 44 lakini haziandikwi. Mashine ilikula mbili, zikabaki 42, na hiyo ndiyo hasara yote.

Zanzibar nako Sayyid Barghash alileta mtambo wa uchapaji, wenye herufi za Kiarabu safi kabisa. Ulichapa nini? Vitabu vya fikihi ya Kiibadhi, kwa Kiarabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya barua, tenzi na nyimbo. Elimu ilikuwa na lugha yake, na mtambo ulikuwa wa elimu. Kwa hiyo herufi zilikuwa nusu saa tu kutoka kwenye karatasi ya Kiswahili na hazikufika. Siwalaumu sana masheikh, kila zama na vipaumbele vyake, ila nafasi hiyo haikurudi.

Walioichapa lugha yetu kwa wingi wakawa wengine. Ludwig Krapf, katika sarufi yake ya 1850, alikwishaelekeza kwamba Kiswahili kiandikwe kwa Kirumi, na hoja zake hazikuwa za sauti peke yake: hakutaka herufi zinazofuatana na Uislamu. Misheni ya Waingereza ilikuwa na gazeti la Msimulizi, Zanzibar, tangu 1888, na la Habari za Mwezi, Magila, tangu 1894. Wajerumani wakafungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, isiyofundisha dini, wakijua wazi kwamba wanafunzi wengi watakuwa watoto wa Kiislamu. Humo watoto walisoma Kirumi ili wawe makarani, maakida, wapiga simu na walimu. Mtambo wa shule hiyo ukatoa gazeti la Kiongozi kuanzia 1904, mwaka ule ule wa heller. Mzee aliyeandika vizuri kwa kalamu ya mwanzi hakukatazwa chochote. Ila ajira ya bomani ilimtaka kijana wa Tanga.

Hata vitabu vikubwa vya watu wa pwani vilivuka kwa njia hiyo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 kwa hati za Kiarabu, na wengi wetu tunaufahamu kwa sababu J. W. T. Allen aliunukulu kwa Kirumi katika miaka ya 1950. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa hati zile zile, Heinrich Brode akayageuza na kuyachapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 Carl Velten akachapa Desturi za Wasuaheli kwa Kirumi. Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 walitaka kurudi nyumbani, wakakataliwa kushuka Tanga. Akabaki Ujerumani, akafundisha, akafa Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza wageni jinsi Waswahili wanavyokaribisha wageni hakukaribishwa kwao.

Na ile s-u-a-h-e-l-i ya jalada la kitabu inaonyesha jambo jingine. Herufi za Kirumi zenyewe zilikuja ovyo. Kila misheni iliandika kivyake, Mfaransa kwa masikio ya Kifaransa, Mjerumani kwa ya Kijerumani. Vurugu ilikuwa ni ile ile ya walimu wetu. Tofauti ni kwamba hii ilipata kamati: mkutano wa Dar es Salaam 1925, wa Mombasa 1928, uliochagua Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoamuru vitabu vya shule viandikwe namna moja. Mwaka huo huo 1930 Sheikh al-Amin alikuwa Mombasa akitoa Sahifa yake. Kamati ilikuwa na idara za elimu za nchi nne nyuma yake, Sheikh alikuwa na kalamu.

Serikali, hata hivyo, si muweza wa yote. Mwaka 1942 waziri mkuu wa Thailand, Phibun, aliamuru tahajia irahisishwe na zaidi ya konsonanti kumi zifutwe. Kwa akili ya kawaida alikuwa na haki: herufi sita za th za nini? Magazeti yalitii, waandishi wakanuna. Alipoanguka mwaka 1944 herufi zote zikarudi. Walao, ndugu zao wa ng'ambo ya Mekong, walikwenda njia nyingine, na baada ya 1975 tahajia yao ikafuata matamshi karibu kabisa. Kaskazini mwa Thailand, Chiang Mai, ilikuwapo hati ya tatu, ya Lanna, waliyoipata kutoka kwa Wamon. Shule za serikali ya Bangkok zilifundisha hati ya Bangkok, na ya Lanna ikarudi hekaluni kwa watawa. Huko Assam, India, Waahom, Watai waliovuka milima mwaka 1228 wakiongozwa na Sukaphaa, waliacha kabisa lugha yao wakachukua Kiassam, lakini makuhani wao wakaendelea kunakili vitabu vya zamani kwa hati ya mababu, katika lugha ambayo hakuna tena anayeisema nyumbani.

Sisi tuko wapi kati ya hao? Bagamoyo ya leo ina hali ambayo sijaiona kwingine. Hati ya Lanna ilipotea kwa watu wa kawaida; ya Kiarabu haikupotea. Watoto wa Magomeni, Dunda na Kaole wanatoka shule ya msingi mchana, jioni wako madrasa, na wanasoma alifu na be pamoja na irabu zake bila kukwama. Mpe mmoja wao barua ya mwaka 1885 yenye irabu kamili, atakutamkia. Anachokosa ni kuambiwa kwamba hicho anachokitamka ni Kiswahili. Akifika kwenye be mbili za kasra atasema bibi na kuendelea, na pembe za Tabora zitampita. Somo la siku moja lingemtosha kujua kwamba be huweza kuwa p au mb, na kasra huweza kuwa e. Siku moja nasema kwa ukarimu. Mtoto mwepesi atamaliza kabla ya adhana ya magharibi.

Yapo ya kusoma. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo Allen aliikusanya pwani na kuitolea katalogi mwaka 1970. Karatasi za Taylor ziko London. Hamburg ina Tambuka. Lamu, mshairi Mahmoud Mau, aliyezaliwa 1952, bado anatunga kwa hati za Kiarabu, na tenzi zake husikika kwenye kanda na simu kabla mtu mwingine hajazinukulu kwa Kirumi. Na mtaalamu wa kompyuta Kevin Donnelly ametengeneza programu iitwayo Andika, inayogeuza Kiswahili kutoka hati moja kwenda nyingine. Kompyuta haibahatishi kama tajiri wa pembe. Lazima iambiwe ch inaandikwa vipi. Kwa hiyo mtengenezaji ilibidi achague tahajia moja kati ya zile ambazo walimu wa Mombasa, Lamu na Mrima walizibuni kila mmoja upande wake, na kabla yake hakuna kikao chochote kilichokuwa kimechagua.